Vikwazo vya watayarishaji chipukizi wa muziki Msambweni

Mtayarishaji wa muziki ndiye anayerekodi sauti, kuzichanganya na kuusimamia wimbo hadi ukamilike. Huko Msambweni, Kaunti ya Kwale, kompyuta moja yatosha kuanzisha studio, lakini vikwazo havikosekani.

Chumba: Kuta tupu za saruji huleta mwangwi ambao ukishanaswa ni vigumu kuuondoa. Blanketi nzito au magodoro yakitundikwa ukutani huupunguza. Hewa ya bahari yenye chumvi nayo hula nyaya na mitambo isiyofunikwa.

Ala: Sengenya, ngoma ya Wadigo, huunganisha chapuo, vumi, upatu na nzumari. Penye kipaza sauti kimoja, nzumari huzimeza ala nyingine. Hivyo mpulizaji husogezwa nyuma. Asiyejua mbinu hiyo hukimbilia midundo ya kompyuta, na ladha ya nyumbani ikapotea.

Soko: Hoteli za Diani hualika bendi, ila watalii hupendelea nyimbo wanazozifahamu, mfano "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, iliyotolewa mwaka 1982.

Haki: Hapa ndipo wengi huumia. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, utunzi na rekodi ni haki mbili mbalimbali. Ya rekodi, inayodumu miaka 50, ni ya aliyefanya mipango ya kurekodi. Na kuihamisha kwahitaji maandishi. Mapatano ya mdomo baina ya marafiki hayatoshi. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.