Mafuta ya Ufuta na Mchicha: Tarikhi ya Vyakula Viwili vya Pwani

Katika kitabu cha safari za bahari kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Nabii Isa, kitabu ambacho wataalamu hukiita Periplus, imetajwa shehena iliyokuwa ikitoka Bara Hindi kuja katika bandari za Pembe ya Afrika: ngano, mchele, samli, nguo za pamba, asali itokayo katika miwa, na mafuta ya ufuta. Tangu zama hizo mafuta haya hayakukosa mwandishi wa kuyatia daftarini, kwa sababu ni mali isafiriyo: hutiwa chomboni yakavuka bahari, hukaa miezi mingi pasipo kuharibika, hutozwa ushuru, na matajiri huyashindania bei. Mchicha, ambao umewalisha watu wa pwani vizazi kwa vizazi, hauna daftari. Jani lichumwalo asubuhi hunyauka kabla ya magharibi. Halipandi jahazi wala haliiletei forodha faida yoyote. Basi thamani ya vyakula viwili hivi kwa siha ya binadamu imekadiriwa muda mrefu kwa mizani ya biashara, nayo ni mizani isiyojua haja za mwili.

Ufuta, ambao wengi huuita simsim kwa jina lake la Kiarabu, ni zao la taabu. Vifuko vyake vikikauka kupita kiasi hupasuka na kumwaga mbegu ardhini, kwa hivyo mkulima hulazimika kuikata mimea kabla haijakauka kabisa, akaifunga matita, akayasimamisha wima juani, ndipo baadaye akayapindua juu ya jamvi na kuyapigapiga. Mbegu ni ndogo mno, lakini karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Unguja mafuta hayo yalishindikwa kwa kinu kikubwa chenye mchi mnene uliozungushwa na ngamia aliyefungwa macho, akienda duara pale pale saa baada ya saa. Mafuta yalichuruzika yakakingwa, na mashudu yakawa chakula cha wanyama. Watu waliyatumia kwa kupikia, kwa kujipaka mwilini na kwa kuwashia taa.

Mnamo mwaka 1844 Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja na Omani, alifanya mkataba wa biashara na Ufaransa, na matajiri wa Marseille, ambao viwanda vyao vilihitaji mbegu za mafuta kwa chakula na kwa sabuni, wakawa wanunuzi wakubwa wa ufuta wa mwambao huu. Malindi, mji uliokuwa umekwisha kuwa magofu, ulihuishwa mwaka 1861 katika zama za Sayyid Majid, mwanawe Sayyid Said, na haukupita muda mrefu mashamba yake ya mtama na ufuta yalikuwa yakijaza majahazi, mtama ukienda Arabuni na ufuta ukienda Ulaya. Neema hiyo haifai kutajwa bila ya kutajwa walioizalisha, nao walikuwa watumwa waliotolewa bara kwa nguvu, wakapanda, wakapalilia, wakakata na kupigapiga mbegu ambayo faida yake haikuwa yao. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika mwambao wa Kenya mwaka 1907, na wakati huo fahari ya mashamba yale ilikuwa imekwisha kupungua.

Watu hao walikula nini? Daftari za biashara, ambazo zinajua bei ya kila pishi ya ufuta, hazikujali kuuliza. Lakini mtu yeyote aliyepata kulima katika nchi hizi anajua kwamba mchicha huota wenyewe palipotifuliwa udongo, tena huota upesi baada ya mvua za kwanza, wakati ghala ni tupu na mavuno bado yako mbali. Si jambo la kukisia kwa mashaka kwamba mikono iliyopalilia ufuta ndiyo iliyochuma majani hayo yaliyoota baina ya mistari yake. Hata hivyo heshima haikufuata faida: hadi leo mwenye nyumba huona haya kumwandalia mgeni mchicha mtupu, kana kwamba ameitangaza shida yake.

Sasa tuviweke vyakula viwili hivi mbele ya elimu ya lishe. Gramu 100 za mafuta ya ufuta humpa mtu kalori kama 884, na gramu 100 za mchicha mbichi humpa kalori kama 23 tu, kwa sababu zaidi ya sehemu tisa katika kumi za jani hilo ni maji. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120, ambazo mtu akizitaka katika mchicha itambidi ale zaidi ya nusu kilo. Kwa hesabu ya nguvu peke yake, mafuta yameshinda ushindi usio na ubishi, na mtu afanyaye kazi nzito juani hawezi kuyadharau.

Lakini nguvu si siha yote. Katika gramu 100 zile za mchicha mna kalsiamu kama miligramu 215, vitamini C kama miligramu 43, chuma zaidi ya miligramu 2, pamoja na karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, mlinzi wa macho. Katika mafuta yaliyoshindikwa, vitu hivi ama havimo kabisa ama vimo kwa kiasi kisichofaa kuhesabiwa. Mbegu nzima ya ufuta ina kalsiamu nyingi sana, ila kinu huiacha katika mashudu, na kwa njia hiyo mnyama aliyekula mashudu alipata kile ambacho mwenye mafuta alikikosa.

Mwaka 1913 watafiti McCollum na Davis katika chuo kikuu cha Wisconsin, na wakati huo huo Osborne na Mendel huko Connecticut, waligundua kwamba siagi ilikuwa na kitu ambacho wanyama wachanga hawakui bila ya hicho, kitu kilichokuja kuitwa vitamini A; na mwaka 1930 Thomas Moore alithibitisha kwamba karotini ya mimea hugeuka kuwa vitamini hiyo ndani ya mwili. Karotini huyeyuka katika mafuta, haiyeyuki katika maji, na jani lililopikwa pasipo mafuta hulipa tumbo sehemu ndogo tu ya hazina yake. Bibi zetu, waliotia tui la nazi katika mchicha, au kijiko cha mafuta ya ufuta pale yalipopatikana, walikuwa wakilitimiza sharti hili kabla halijaandikwa na mtaalamu yeyote, na mimi naona kuwa hiyo ni elimu inayostahili taadhima sawa na elimu ya vyuo.

Jani liliingia vitabuni kwa kuchelewa. Mwaka 1931 watafiti John Boyd Orr na Gilks walipochapisha uchunguzi wao juu ya chakula cha Wakikuyu na Wamasai wa Kenya, walionyesha kwamba wanawake wa Kikuyu, waliokula majani ya mboga kwa wingi kuliko wanaume wao, walipata kalsiamu zaidi kwa sababu hiyo. Hapo mboga ya maskini ilipata shahidi wa maandishi.

Ufuta wa Lindi na Mtwara ungali unasafirishwa ng'ambo kwa wingi, na mchicha ungali unauzwa kwa mafungu katika kila soko. Nakusihi, msomaji, usiupime mmoja kwa bei ya mwingine. Unapopika mchicha, usiuchemshe mpaka ukapoteza rangi yake kisha ukayamwaga maji. Upike kwa muda mfupi, uutilie tui au kijiko cha mafuta ya ufuta, na umwandalie mgeni wako bila ya haya.