Fedha ya Gazeti Moja: Tabora na Bahari ya Barafu

Siku hizi msafiri mwenye uwezo aweza kupanda meli iendayo Svalbard au Greenland, akakaa penye joto nyuma ya kioo, akatazama milima ya barafu ikielea na dubu weupe wakiwavizia sili, kisha akarudi kwao salama. Starehe hiyo ina nasaba ndefu. Kabla ya watalii kwenda kujionea wenyewe, palikuwa na watu waliosafiri kwa niaba ya wasomaji wa magazeti, nao wasomaji wakakaa majumbani wakingoja habari za maajabu ya mbali. Mmoja wa wauzaji wakubwa wa habari hizo alikuwa James Gordon Bennett, mwana wa mwasisi wa New York Herald na mrithi wake katika gazeti hilo. Fedha yake ilikwenda pande mbili zisizofanana: kwanza Tabora, kisha bahari ya barafu. Safari hizo mbili zikiwekwa sambamba, hutufunza habari ya Tabora kuliko habari ya Bennett.

Safari ya kwanza yajulikana. Mwaka 1869 Bennett alimwagiza Henry Morton Stanley amtafute David Livingstone. Machi 1871 Stanley alitoka Bagamoyo na misafara mitano, na mwezi Juni alifika Kwihara, karibu na Tabora. Hakuwa amegundua njia. Aliifuata barabara iliyokanyagwa miaka mingi na wapagazi wa Kinyamwezi na wafanyabiashara wa pwani, mbele yake wakiwa viongozi waliojua kila kisima na kila mahali pa kulipia hongo. Mizigo yake ilikuwa shanga, masango na vitambaa, hasa merikani, nguo iliyopata jina lake kutokana na nchi ilikotoka. Kwa nguo hiyo aliweza kununua nafaka, kuku na mbuzi, kwa sababu mbele yake palikuwa na watu wenye mashamba na masoko, na bei zinazojulikana.

Wala isidhaniwe kwamba njia ilikuwa nyepesi. Wazungu wawili waliofuatana na Stanley, Farquhar na Shaw, walikufa kwa maradhi. Agosti 1871 yeye mwenyewe aliingia katika vita vya Waarabu wa Tabora dhidi ya Mirambo, akashindwa pamoja nao, na sehemu ya mji ikachomwa. Njia ya kawaida ya Ujiji ikafungwa. Lakini njia moja ilipofungwa, palikuwa na watu walioijua nyingine. Septemba msafara ulizunguka kusini, na Novemba ukafika Ujiji, alikokuwapo Livingstone. Februari 1872 wote wawili walirejea Kwihara. Stanley alipokwenda zake mwezi Machi, mzee yule alibaki katika tembe hadi Agosti, akila chakula cha nchi, akingoja wapagazi kutoka pwani. Mgonjwa asiye na jeshi wala mali nyingi aliweza kungoja miezi mitano, kwa kuwa Tabora ilikuwa mji uliozoea kupokea wasafiri.

Safari ya pili haina sifa hiyo. Bennett, akiwa bado na kiu ya habari, alimwendea mwanajiografia Mjerumani August Petermann, aliyeshikilia kwamba nyuma ya ukingo wa barafu iko bahari iliyo wazi mpaka Ncha ya Kaskazini. Meli ikanunuliwa, ikaitwa Jeannette, na Julai 1879 ikatoka San Francisco chini ya nahodha George De Long, ikiwa na watu 33 baada ya kuwachukua wawindaji wawili wenyeji wa Alaska, Alexey na Aneguin. Miezi miwili baadaye barafu iliikamata. Ikachukuliwa huku na huko kwa muda wa karibu miaka miwili, na Juni 1881 ikapondwa na kuzama. Bahari iliyo wazi haikuwako. Mabaharia wakakokota mashua zao tatu juu ya barafu, kisha wakatweka kuelekea Siberia. Mashua moja ilipotea na watu wake 8. Kundi la De Long lilifika nchi kavu katika delta ya mto Lena, likafa njaa, wakapona wawili tu waliotangulia kutafuta msaada. Alexey, aliyewinda ili wengine wale, alikufa Oktoba, siku chache kabla ya nahodha wake. Jumla walikufa watu 20.

Mtu aweza kupinga akisema kwamba baridi ya kaskazini si jua la Unyamwezi, na kwamba haifai kupima safari hizo kwa mizani moja. Ni kweli kwamba ugumu haukuwa sawa. Lakini yafaa kuwatazama waliopona. Wale 13 hawakuokolewa na dola za Bennett wala na ramani ya Petermann. Kundi la mhandisi Melville lilikutana na wavuvi wa nchi ile, wakalionyesha njia na kulilisha. Na wale wawili wa De Long waliokotwa kibandani na mwenyeji aliyepita. Hata huko mwisho wa dunia, mgeni alipona pale tu alipomfikia mwenyeji.

Basi fedha ilikuwa ya mfuko mmoja, na ushujaa haukupungua upande wowote. Kilichopungua baharini ni kile kilichokuwako Tabora: watu, chakula, soko, na maarifa ya njia. Doti ya merikani hainunui kitu juu ya barafu. Dunia ilimsifu Stanley kwa kumpata Livingstone. Ingestahili pia kuusifu mji uliomlisha aliyetafuta na aliyetafutwa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika habari hii methali imegeuka: aliyepona ni mgeni. Naye anayetembelea leo tembe la Kwihara, lililohifadhiwa kwa jina la Livingstone, asitazame kuta tu, bali akumbuke pia wenyeji waliolifanya likalike.