Tufani ya 1872 na Ngao ya Madagaska

Kila bahari inapochafuka kaskazini mwa Madagaska, barazani husikika kauli ileile: huku kwetu vimbunga havifiki, Madagaska ni ngao yetu. Mei 2024, kimbunga Hidaya kikielekea Mafia, niliwasikia watu wazima wakiapa kwamba jambo hilo halijapata kutokea. Limepata. Na shahidi mmojawapo yumo katika kitabu ambacho watu hukisoma kwa sababu nyingine kabisa.

Wasomaji humfuata Henry Morton Stanley mpaka Ujiji, humwona Livingstone, kisha hufunga kitabu. Nawaomba wavumilie safari ya kurudi, mwishoni mwa Aprili 1872. Alipofika Simbamwene, penye Morogoro ya leo, Stanley aliukuta mji ule wenye ngome umeliwa na mto: sehemu ya ukuta imekwenda, nyumba zimekwenda, vijiji vya kandokando vimefutika. Njiani akapata habari za tufani iliyopiga Unguja, na tarehe 6 Mei akaingia Bagamoyo.

Tufani hiyo ilikuwa ya 15 Aprili. Merikebu za Sultani Barghash bin Said zilivunjwavunjwa au kusukumwa ufukweni, ikiwemo El Majidi, ambayo kabla ya kununuliwa na Zanzibar ilikuwa Shenandoah, manowari ya majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Ili kuziba pengo hilo, Barghash baadaye aliagiza Uingereza meli ya Glasgow, ileile ambayo Waingereza waliizamisha kwa mizinga mwaka 1896. Mashambani mikarafuu mingi ya Unguja iliangushwa, ya Pemba ikanusurika. Mkarafuu haukui kwa msimu mmoja, na tangu hapo Pemba ikatangulia. Wanaoueleza utangulizi huo kwa rutuba na mvua peke yake wanaruka siku moja nzito mno.

Mwaka uliofuata mjumbe wa Uingereza, Bartle Frere, alikuja kudai biashara ya watumwa ikomeshwe, na Barghash akatoa hasara ya tufani kuwa hoja ya kukataa. Wapo walioiita hoja hiyo kisingizio kitupu. Mimi siifuti hivyo: hasara ilikuwa ya kweli. Lakini mikarafuu ilipandwa upya kwa mikono ya watumwa, na deni la upepo likaangukia migongo yao. Hapo huruma yangu kwa Sultani inaishia.

Je, kulikuwa na njia ya kujua mapema? Huko Mauritius, mtaalamu wa hali ya hewa Charles Meldrum alikuwa akikusanya daftari za mabaharia na kuchora njia za vimbunga. Lakini waya wa simu ulifika Zanzibar mwaka 1879, hivyo habari ya dhoruba ilisafiri kwa chombo kilekile ambacho dhoruba ingeweza kukizamisha. Manahodha walikuwa na kalenda yao: kaskazi imelegea, kusi haijashika, ni tanga mbili, usiiamini bahari. Wasomi wengi huipita kalenda hiyo kama ngano. Basi tazama tarehe: Unguja, 15 Aprili 1872; Lindi, 15 Aprili 1952; kimbunga Kenneth, 25 Aprili 2019; kimbunga Jobo, Aprili 2021; Hidaya, Mei 2024. Matukio matano hayatungi sheria, ila yanatosha kumheshimisha nahodha.

Ngao nayo ina ukweli wake, na ina tundu. Vimbunga vingi vya upande huu huishia Madagaska au huteremkia kusini. Tena Unguja iko takribani nyuzi 6 kusini mwa ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia hauupi upepo nguvu kubwa ya kujisokota. Lakini kinachopita juu ya ncha ya kaskazini ya Madagaska hakina ukuta mbele yake. Kituo cha Réunion hufuatilia msukosuko tangu ungali mawingu yaliyotawanyika, na upepo ukifika kilomita 63 kwa saa hupewa jina. Kisha watabiri huuliza: mgandamizo mkubwa ulio kusini utausukuma magharibi? Hewa kavu itauingia? Upepo wa juu utaukata kichwa? Jobo ulisambaratika karibu na pwani. Kenneth uliipiga Cabo Delgado huku Mtwara ikiwa katika tahadhari. Hidaya ulifika Mafia. Anayesema mara mbili za kwanza watabiri walidanganya amechanganya tahadhari na ahadi.

Nabaki na Simbamwene. Masika peke yake hufurisha mito, na mwenye shaka ana haki ya kunikumbusha hilo. Lakini mvua za kimbunga haziishii ufukweni, na gharika ile inakaa vizuri mno karibu na tufani ile. Tunapouliza kama msukosuko utafika pwani, tumeuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ilikuwa ya watu waliolala nyuma ya ukuta wa mawe, safari ya siku nyingi kutoka baharini, wakiisikiliza mvua.