Kusadikika kwa Mara ya Pili

Sisi tuliokulia Chumbageni tulikijua kitabu cha Kusadikika kwanza kwa masikio. Kitabu kilikuwa kimoja na watoto walikuwa wengi. Jioni tulikusanyika barazani, mwenye sauti akasoma kando ya koroboi na wengine tukasikiliza. Mwandishi alikuwa mtu wa kwetu. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, Machui, kusini mwa mji wa Tanga, na huko Machui ndiko alikozikwa mwaka 1962. Lakini hatukumsoma kwa sababu hiyo. Tulichokitaka ni ile nchi inayoelea angani, na wale wajumbe sita waliotumwa katika pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Hotuba za Karama mbele ya mfalme hatukuzitaka. Msomaji alipozifikia, alihimizwa kutoka kila upande azirukie mbali.

Tulipokirudia kitabu tukiwa watu wazima, tuligundua kwamba kurasa tulizokuwa tukizirukia ndizo kitabu chenyewe. Karama ameshtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wale wajumbe: walitumwa, wakapata taabu, wakarudi na jambo la kuifaa nchi, na malipo yao yakawa gereza. Safari zilizotufurahisha utotoni kumbe zilikuwa ushahidi wa kesi.

Hapana shaka mwalimu atapenda wanafunzi wake wajue kitabu hicho kilitoka lini. Kilichapishwa mwaka 1951. Mwandishi, ambaye alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, wakati huo bado alikuwa mtumishi wa Serikali ya kikoloni, hapa hapa Tanga. Waafrika wa kwanza walikuwa wameingizwa katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mwaka 1945 tu, nao waliteuliwa. Uchaguzi wa wajumbe haukuja mpaka 1958. Karani aliyekula mshahara wa Serikali hiyo aliandika hadithi ya mtu anayeshtakiwa kwa sababu ya kufundisha sheria, akaiweka nchi yenyewe angani, mahali ambapo hapana mkuu wa wilaya awezaye kusema kuwa ametajwa.

Tuseme pia yaliyotupungukia. Watu wa kitabu hiki wamebeba sifa zao katika majina, na mtu mzima huona upesi kwamba Majivuno hatafanya lolote ila kujivuna. Utotoni jambo hilo lilitupendeza, maana tulijua mapema nani wa kuzomewa. Sasa limetuchosha kidogo. Hata hivyo Majivuno huyo ametusumbua kuliko tulivyotazamia. Baadhi yetu tumekwisha kukaa nyuma ya meza za ofisi, tukaletewa mashauri na vijana, tukayaweka kando kwa sababu tu hayakuanza kwetu. Tulipoyasoma mashtaka yake tulisikia maneno tunayoyafahamu.

Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, kilitugeuka kwa namna nyingine. Adili ana ndugu wawili waliomfanyia ubaya wakageuzwa manyani, naye amelazimishwa kuwapiga kila usiku. Tulipokuwa watoto tulicheka kila fimbo iliposhuka; hasidi amepata haki yake! Safari hii tulimtazama mwenye kushika fimbo, ambaye hana hiari, na waliopigwa ni watoto wa baba yake. Kicheko hakikuja.

Mwisho wa Kusadikika, Karama anaachiliwa na wajumbe wanafunguliwa. Barazani tulishangilia, kitabu kikafungwa, koroboi ikazimwa. Safari hii tulirudi nyuma tena, tukitafuta habari za siku zao gerezani: walikula nini, nani aliwatazamia watoto wao, walikuwa na umri gani walipotoka. Utotoni hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza.