Tabibu wa Karema na Hoja za Wenye Mashaka

Hoja inayosikika mara nyingi kuliko zote huku kwetu Mwimbi, na hata Sumbawanga mjini, ni kwamba Ukristo ni dini ya Wazungu. Husemwa na vijana waliosoma, na husemwa pia na wazee ambao hawakusoma lakini wanakumbuka waliyosimuliwa na baba zao. Sipendi kuijibu kwa haraka, maana ina ukweli ndani yake, na anayeitetea imani kwa kuficha nusu ya historia huishia kuidhuru.

Ukweli wenyewe ni huu. Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadre Weupe, walifika Ujiji mwaka 1879. Mwaka huohuo Wabelgiji waliotumwa na jumuiya ya Mfalme Leopold walijenga kituo chao chenye ngome huko Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, chini ya uwanda wetu wa juu wa Ufipa. Mwaka 1885 kituo hicho kikakabidhiwa kwa mapadre. Basi misioni iliyotoa mapadre na makatekista wa kwanza kupanda huku juu ilianza maisha yake ndani ya kuta zilizojengwa kwa shabaha za mfalme wa Ulaya. Kulikuwa na bunduki za kujilinda dhidi ya wateka watumwa. Kulikuwa na watoto waliokombolewa kwa fedha kutoka utumwani, wakalelewa Kikristo bila kuulizwa kama wanataka. Asiyependa kuyasikia haya afadhali asianze kabisa kutetea.

Lakini katika misioni hiyohiyo aliishi mtu ambaye hoja ile haimwenei. Adrian Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 kando ya mto Niger, jirani na Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Angali mtoto alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mapadre walimnunua huko Algeria mwaka 1876 wakamweka huru. Baadaye walimpeleka kisiwa cha Malta kusomea utabibu, na mwaka 1888 akaanza safari ya kuja kwetu. Alifika Karema mwaka 1889 akiwa tabibu na katekista. Akaoa hukohuko, akapata mtoto wa kiume ambaye baadaye alikuwa padre, na akatibu wagonjwa wa mwambao ule mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: ni miaka 67. Wajerumani walikuja wakaondoka, Waingereza wakashika nchi, naye yupo palepale na dawa zake na katekisimu yake.

Mwenye mashaka atasema kwamba Atiman alifundwa tangu utotoni, kwa hiyo hakuwa na dini nyingine ya kuchagua. Kwa kijana wa miaka 22 nakubali. Kwa mzee wa miaka 80, aliyewaona wamisionari kwa karibu, wazuri wao na wabaya wao, jibu hilo halitoshi. Tena sisemi kwamba uaminifu wake unathibitisha kuwa imani ni kweli. Watu wamedumu katika uongo pia. Nasema tu kwamba kumwita mtu wa Niger aliyeamini na kufia Karema kuwa mfuasi wa dini ya Wazungu ni kumnyima akili yake mwenyewe.

Tukumbuke vilevile kwamba Ezana, mfalme wa Aksum katika Uhabeshi, alibatizwa katika karne ya 4, wakati sehemu kubwa ya Ulaya haijabatizwa bado. Augustino naye alizaliwa Tagaste, katika Algeria hiyohiyo alikokombolewa Atiman. Na hata pasingekuwa na Ezana wala Augustino, asili ya kitu haituambii kama ni kweli au si kweli. Mahindi tunayolima Rukwa, yaliyoifanya mikoa yetu ya kusini kuwa ghala la taifa, asili yake ni Amerika, na sijasikia mtu akisema ugali wetu ni chakula cha kigeni. Kwa upande wa pili, majembe yaliyoletwa kutoka ng'ambo yaliua malungu yetu, zile tanuri ndefu za udongo ambamo Wafipa waliyeyushia chuma, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Vitu vya nje huja na hasara. Lakini hasara ni swali moja, na ukweli ni swali jingine.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na Atiman huyohuyo anaileta mbele yetu. Mungu mwema angewezaje kumwacha mtoto akokotwe jangwani na kuuzwa? Sina jibu la kufunga mjadala huu. Naona tu kwamba anayeuliza hivyo amekwisha kukiri kuwa kumuuza mtoto ni uovu wa kweli, si suala la desturi ambazo mtu hazipendi. Wafanyabiashara wale walikuwa na desturi upande wao, na faida pia. (Wakristo nao walifanya biashara hiyo katika Bahari ya Atlantiki kwa karne nyingi, tusijisafishe.) Ikiwa hakuna aliye juu ya desturi zote, sijui tunawahukumu kwa kipimo gani.

Lipo jambo jingine ambalo mahubiri yetu hulipita haraka. Msalaba, katika dola ya Warumi, ulijulikana kuwa adhabu ya watumwa. Ukristo haudai kwamba Mungu aliyatazama mateso kutoka mbali. Unadai kwamba alikufa kifo cha mtumwa. Hebu fikiri habari hiyo ikitoka kinywani mwa mtu aliyewahi kuuzwa, katika misioni ambamo wengi wa wasikilizaji walikuwa wamekombolewa kutoka minyororo. Hapo haikuwa habari ya kigeni hata kidogo.

Inabaki ile ya ufufuko, ambayo ikianguka mengine yote huanguka nayo. Paulo mwenyewe aliwaambia hivyo Wakorintho. Husemwa kwamba watu wa kale walikuwa wepesi wa kuamini. Mimi naona kinyume chake. Sisi vijijini tunaosha maiti zetu kwa mikono yetu, tunachimba kaburi wenyewe, na hatuhitaji mtaalamu wa kutuambia kwamba aliyekufa harudi. Wavuvi wa Galilaya walilijua hilo kama sisi. Atiman, tabibu, alilijua kuliko wengi.

Paulo aliandika waraka ule yapata mwaka 55, kama miaka 25 hivi baada ya msalaba. Mwalimu Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, na sasa imepita zaidi ya miaka 25. Mtu akizua leo habari ya uongo juu ya mazishi yake Butiama, wapo maelfu wa kumkatalia. Najua uvumi huhitaji siku 25 tu kuenea, sembuse miaka. Ndiyo maana nayatazama majina. Paulo anamtaja Petro, anamtaja Yakobo, na anasema kwamba wengi wa mashahidi wangali hai, yaani waulizwe. Injili nazo zinawaweka wanawake kaburini kwanza, katika jamii iliyouthamini kidogo ushahidi wao. Mzushi angeanza na wazee wa baraza.

Huyo Yakobo hunifikirisha kuliko wote. Alikuwa nduguye Yesu, na Kiswahili chetu kina bahati ya neno ambalo halitulazimishi kuamua hapa kama ni wa tumbo moja au wa ukoo. Injili ya Yohane inasema ndugu zake hawakumwamini alipokuwa hai. Ndugu humjua mtu; alimwona akila, akilala, akichoka. Lakini baadaye tunamkuta Yakobo akiliongoza kanisa la Yerusalemu, na mwaka 62 akapigwa mawe kwa amri ya kuhani mkuu. Aliyetuandikia habari hiyo ya kifo chake ni Yosefo, mwandishi Myahudi ambaye hakuwa Mkristo.