Shindano la Sataranji kwa Barua

Wasikilizaji, leo nitawasimulia habari za vita vilivyopiganwa miaka minne bila damu kumwagika. Ni vita vya sataranji, baina ya chama cha wachezaji wa London, mji mkuu wa Uingereza, na chama cha Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, tangu mwaka 1824 hata 1828. Tuzo ilikuwa kikombe cha fedha.

Miji hiyo imeachana kadiri ya maili 400, na siku zile hapakuwa na simu wala reli baina yake. Wachezaji wa kila mji walishauriana mbele ya ubao wao, kisha wakaandika hatua yao katika barua, ikachukuliwa na gari la farasi. Sharti lilikuwa kali: hatua iliyokwisha kupelekwa hairudishwi. Katika mchezo mmoja watu wa London walipeleka hatua, kisha wakaona wamekosea, wakaomba kuibadili. Edinburgh wakakataa. London wakalitii sharti, na mchezo ule wakashindwa.

Lakini lililoleta sifa zaidi ni namna ya kuanza mchezo. Kwanza kila upande husogeza askari aliye mbele ya mfalme nyumba mbili. Mwenye kete nyeupe hutoa farasi kumtisha askari wa adui. Mwenye nyeusi naye hutoa farasi kumlinda. Ndipo mweupe, pasipo kungoja, husogeza askari wa mbele ya malkia nyumba mbili, akapiga katikati ya ubao. Askari huliwa, na njia za kete kubwa hufunguka mapema.

Katika shindano hilo London ndio waliotangulia kuanza hivyo. Waskoti hawakuona haya kujifunza kwa adui: zamu yao ilipofika, walishika silaha ile ile wakawageuzia wenyewe. Mwisho Edinburgh walishinda michezo miwili, London mmoja, na miwili ikawa sare. Kwa hiyo mwanzo huo huitwa kwa jina la Waskoti, wala haukusahauliwa: mwaka 1990 Garry Kasparov aliutumia akamshinda Anatoly Karpov katika mchezo mmoja wa kugombea ubingwa wa ulimwengu.

Basi, wasikilizaji, maarifa hayamngojei aliyeyatoa kwanza. Humfuata ayatumiaye vema. Wala neno lililokwisha kutumwa halina kamba ya kulivutia nyuma. Kwaherini.