Muhogo si wa babu

Wandugu, ukisema ku soko ya Mubi kama muhogo ni mugeni, watakucheka. Fufu na sombe, wanasema, ni chakula ya babu toka mwanzo. Kumbe muhogo ulitoka Brazil. Wareno ndio waliuvusha bahari mu karne ya 16, ukaingilia upande wa Atlantiki, halafu ukapanda polepole mpaka kwetu Walikale. Maharagi na mahindi pia asili yake ni Amerika.

Viazi vya Masisi ndivyo vinachekesha zaidi. Wengi wanaviita birayi, jina linalokumbusha Uburayi, yaani Ulaya. Lakini vilizaliwa mu milima ya Andes, kule Peru na Bolivia. Ulaya ilikuwa njia tu. Ndizi ya kupika nayo asili yake ni Asia, tena si mti: shina lake ni majani yaliyofungana. Mwenyeji wa kweli mu sahani ni mafuta ya mawese.

Sasa mozaiki inakunja majani ya muhogo, na mutu anakataa mbegu yenye kuvumilia ugonjwa, eti si ya babu. Babu gani? Hata ile ya zamani, wao waliipokea ngeni, wakaijaribu mu shamba.